Mgogoro, Haki na Kibali: Lugha ya Mchambuzi wa Migogoro Kwenye Mifongo ya Kilimanjaro

Miongoni mwa kazi zilizoingia nchini mwetu pamoja na mashirika ya misaada, imo moja ambayo lugha yake ya Kiswahili haijatulia bado. Ni kazi ya mtu anayetumwa kuchunguza ugomvi uliopo baina ya watu kabla shirika halijawapelekea chakula, mbegu au mabomba ya maji. Mashirika yenyewe humwita mchambuzi wa migogoro. Kazi yake si kuamua nani ana haki, wala si kupatanisha. Ni kujua akina nani wanagombana, wanagombania nini, tangu lini, nani ananufaika ugomvi ukiendelea, na ni mambo gani yanayowafunga pamoja licha ya ugomvi huo. Akisha kuyajua hayo huwaeleza wakubwa wake msaada uingie kwa mlango upi, usije ukawa kuni katika moto.

Mtu huyu hatumii mizani wala darubini. Chombo chake ni maneno: yale anayoulizia, yale anayojibiwa, na yale anayoandikia taarifa. Neno likipotoka katika hatua yoyote kati ya hizo tatu, taarifa itapotoka, na msaada utafuata taarifa. Kwa hiyo lugha ya kazi hii si pambo. Ni sehemu ya kazi yenyewe, nasi tunaohusika na istilahi hatuwezi kusema kwamba haituhusu.

Hivi karibuni tulipata kuusoma mwongozo mmoja wa Kiswahili uliotayarishwa na shirika moja la misaada kwa ajili ya wachambuzi wake waliokuwa wakienda katika vijiji vya mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, na katika tambarare iliyo chini ya mji wa Moshi, ambako ugomvi wa maji ya kumwagilia ni wa siku nyingi. Hatutalitaja shirika hilo, kwa kuwa kasoro tulizoziona si zake peke yake. Maneno yale yale yamo katika hojaji, semina na taarifa za wengi. Nia yetu ni kuyapima maneno hayo mahali yanapotumika. Tunaloshikilia ni hili: istilahi ya mchambuzi wa migogoro haina budi kumwachia kila msemaji dai lake. Istilahi inayokata shauri kabla shauri halijasikilizwa si istilahi tena, ni hukumu.

Uzito wa jambo lenyewe

Huenda msomaji akaona kwamba tunalikuza jambo dogo. Na tukumbuke basi yaliyotokea nchini mwetu wilayani Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakiendelea Rwanda, watu wapatao 250,000, kwa makadirio ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikawa mji kwa ghafula. Chakula kilihitajika upesi, na njia iliyokuwa nyepesi ilikuwa kukigawa kwa kupitia viongozi waliokuja na watu wao, komuni kwa komuni. Katika lugha ya misaada hao walikuwa “viongozi wa jamii”. Lakini baadhi yao ndio waliokuwa wameyaongoza mauaji. Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Murambi, alikuwa miongoni mwa waliofika Benaco. Mwaka 2011 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mwishoni mwa mwaka 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika kambi za wakimbizi wa Rwanda, likisema kwamba msaada ulikuwa ukiwatia nguvu wauaji.

Hatusemi kwamba neno “viongozi wa jamii” ndilo lililoleta msiba ule. Twasema kwamba neno hilo halikumsaidia mtu kuuona. Lilimweka katika safu moja mzee wa ukoo, mwalimu, padri na mwuaji, na kuwapa wote heshima moja. Ni baada ya mambo ya namna hii, yaliyotokea katika nchi nyingi, ndipo kazi ya uchambuzi wa migogoro ilipopata nafasi ndani ya mashirika. Mwaka 1999 Mary B. Anderson wa Marekani alitoa kitabu ambacho fundisho lake kuu, kwamba msaada usidhuru, limekuwa kama kiapo cha kazi hiyo. Alieleza kwamba msaada unaoingia penye ugomvi hauwezi kukaa kando: ama utayatia nguvu yanayowagawa watu, ama utayatia nguvu yanayowaunga.

Kilimanjaro haikufikwa na msiba kama ule wa Rwanda. Lakini kwa sababu hiyo hiyo panafaa kupimia lugha. Ugomvi wa hapo una wenyewe, una historia inayojulikana, na una maneno yake. Mchambuzi asiyeweza kuusema ugomvi wa maji wa Kilimanjaro kwa Kiswahili kilicho sawa, hatuoni atawezaje kuusema ule wa mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya wengi wanaokimbia na ya wengi wanaowahoji.

Mfongo si mfereji tu

Mteremko wa kusini wa mlima hupata mvua nyingi, bali tambarare iliyo chini yake ni kavu. Katikati ya hizo mbili ndipo vilipo vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga yenye migomba na mibuni, yanayorithiwa katika ukoo. Tangu kabla ya kufika Wazungu, ambao wa kwanza wao kuuona mlima alikuwa Johannes Rebmann mwaka 1848, wenyeji walikuwa wakiyatoa maji katika makorongo na kuyaongoza kwenye migongo ya vilima kwa mifereji waliyoichimba kwa mikono. Mfereji huo huitwa mfongo. Bwawa dogo la kukusanya maji ya usiku ili yatumike mchana huitwa nduwa.

Kwa mila, aliyeuasisi mfongo na ukoo wake ndio waliokuwa na sauti juu yake. Wengine walipata zamu ya maji kwa kushiriki katika kazi ya kuuzibua na kuutengeneza, na aliyekwepa kazi alikatiwa zamu au kutozwa faini. Kwa hiyo neno mfongo halitaji maji na udongo tu. Limebeba ndani yake mwasisi, jasho, zamu, na wajibu.

Mwongozo tunaouzungumzia hautumii neno hilo. Unasema “mifereji ya asili”. Hatuna shaka kwamba mwandishi alikusudia mifereji ya jadi, na ni kweli kwamba msemo huo umeenea maofisini. Lakini neno asili lina maana mbili: ya jadi, na ya maumbile. Tunasema misitu ya asili kwa misitu isiyopandwa na mtu. Msomaji wa Dodoma au wa Geneva anayesoma kwamba kijiji kinatumia “mfereji wa asili” aweza kufikiri kwamba ni kijito kilichojipitia chenyewe, kisicho na mwenyewe. Hapo dai la ukoo ulioichimba njia ile limekwisha kufutwa kwa neno moja, wala hakuna aliyekusudia kulifuta. Mfereji wa jadi ungekuwa bora. Mfongo ni bora zaidi, likielezwa mara moja mwanzoni mwa taarifa, kwani kukopa kutoka lugha zetu za nyumbani ni njia ya halali ya kuikuza lugha ya Taifa.

Neno “mgogoro” na mzigo wake

Kamusi za zamani zililieleza neno mgogoro kuwa ni kizuizi njiani, kitu cha kumkwaza mpita njia, na kwa hiyo taabu au usumbufu. Siku hizi limetwishwa mzigo mkubwa mno. Tunasema mgogoro wa Kongo kwa mambo yaliyoanza mwaka 1960 na kuua watu wengi. Tunasema mgogoro wa kikazi kwa madai ya mshahara. Tunasema mgogoro wa ardhi kwa ndugu wawili wanaobishania mpaka mbele ya Baraza la Kata. Dhana ambazo lugha nyingine huzipa majina matatu, yaani hali ya hatari kubwa, uadui wa muda mrefu, na shauri lililofikishwa mbele ya wasuluhishi, sisi tumezipa jina moja.

Mwongozo unamwelekeza mchambuzi aulize: “Je, kuna migogoro katika kijiji hiki?” Swali hili litaleta moja ya majibu mawili, na yote mawili hayafai. Mzee wa kijiji anayelijua neno hilo kutokana na redio atajibu kwa moyo mweupe kwamba hakuna mgogoro. Wana ugomvi wa maji tu. Mchambuzi ataandika: hakuna. Au kijana aliyezoea semina atataja kila kitu, kuanzia mbuzi aliyekula mahindi hadi kuzibwa kwa mfongo kwa makusudi wakati wa kiangazi, na vyote vitaandikwa migogoro. Katika jibu la kwanza hatari imefichika. Katika la pili imezama miongoni mwa mambo madogo.

Wala Kiswahili si maskini wa maneno katika jambo hili. Kuna mabishano, watu wanapotofautiana kwa maneno. Kuna ugomvi, kisa kinapojulikana na wagomvi bado wanasalimiana. Kuna uhasama, salamu zinapokatika na kila upande ukawa na wafuasi. Kuna mapigano, silaha zinapotolewa. Kuna shauri, jambo linapokuwa limefikishwa barazani. Mwongozo unamtaka mchambuzi apime ukali wa kila mgogoro kwa tarakimu, kutoka 1 hadi 5. Twauliza: kwa nini apewe tarakimu ambazo kila mtu atazijaza kwa kadiri yake, ilhali lugha imempa ngazi ambayo mwenyeji na mgeni wataielewa sawasawa?

“Chanzo” na “viunganishi”

Sehemu ya pili ya mwongozo inahusu “chanzo cha mgogoro”. Mahali pengine neno hilo lisingeleta taabu. Lakini hapa watu wanagombania maji, na chanzo cha maji ni jambo la kila siku: ni mahali maji yanapotokea. Ukimwuliza mkulima wa Mabogini chanzo cha mgogoro ni nini, halitakuwa kosa lake akikutajia mto. Tena jibu hilo litaonekana kuwa sahihi, na kwa hiyo halitasahihishwa. Kiini lingefaa zaidi kwa sababu ya ndani na ya muda mrefu, na kichocheo kwa jambo linalouwasha ugomvi uliokuwa umelala, kama vile kuchelewa kwa mvua za masika.

Kwa yale yanayowaunga watu na yale yanayowagawa, mwongozo unatumia “viunganishi na vigawanyishi”. Kila mwalimu anajua kwamba viunganishi ni aina ya maneno katika sarufi: na, au, lakini, kwa sababu. Neno likisha kushika kazi katika taaluma moja iliyoenea hadi shule za msingi, si busara kulipa kazi ya pili kwa haraka. Lakini kasoro kubwa zaidi ni kwamba majina hayo mawili yamewekwa katika safu mbili za jedwali, kana kwamba kila jambo lina upande wake mmoja. Mila ya Kilimanjaro inakataa. Mmea uitwao isale, ambao kwa wingi huitwa masale, ndio unaopandwa mpakani mwa kihamba kuonyesha ukomo wa cha huyu na cha yule. Jani la mmea huo huo ndilo linalopelekwa kwa aliyekosewa kumwomba msamaha, na si jambo dogo kulikataa. Mfongo nao ndiyo hivyo hivyo. Siku ya kuuzibua unawakusanya watu wote. Siku ya zamu unawatenganisha wa juu na wa chini. Mchambuzi atauandika katika safu ipi? Afadhali aulize kwa maneno kamili: lini jambo hili linawaunga, na lini linawagawa?

“Wadau” wote sawa?

Neno wadau limeenea kiasi kwamba hakuna mkutano usio nalo. Msikilizaji hulihusisha na dau, yaani kile anachokiweka mtu katika mchezo au mnada kwa kutarajia kupata. Kwa mkutano wa wafanyabiashara laweza kufaa. Na tuone linavyofanya kazi katika bonde la mto Pangani, ambalo mito ya kusini mwa Kilimanjaro ni sehemu yake.

Juu kabisa wako wenye mifongo. Chini yao kuna mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, ambayo mradi wake ulikamilika mwaka 1987 kwa mkopo kutoka Japani, ukipata maji katika mito ya Njoro na Rau. Mpunga ulipoonekana kuleta fedha, wakulima walio nje ya mradi na walio juu yake nao wakalima mpunga kwa maji ya mito hiyo hiyo, na mradi ukapungukiwa. Kusini zaidi kuna shamba la miwa la TPC. Baadaye kuna bwawa la Nyumba ya Mungu lenye wavuvi wake na mtambo wa umeme wa megawati 8. Kisha, mkoani Tanga, mitambo ya Hale ya megawati 21 na New Pangani Falls ya megawati 68, uliofunguliwa mwaka 1995. Umeme ulipopungua wakati wa ukame wa miaka ya 1990, wako waliowalaumu wakulima wa juu.

Mwongozo unawaita wote hao wadau, na kuwaorodhesha kwa mfuatano wa alfabeti. Kwa hiyo shirika la umeme la nchi nzima na mjane mwenye nusu eka ya maharage wako katika mstari mmoja, kila mmoja na sauti moja. Twajua kwamba nia ni njema, yaani asiachwe mtu. Lakini usawa wa orodha umeficha kutokuwa sawa kwa watu. Mjane yule hakuweka dau lolote. Maji yamempita tu. Twaona inafaa kuwatenga kwa majina: wenye madai, yaani wanaosema kitu ni chao, wanaoguswa, yaani wasiodai lakini watakaoumia, na wenye mamlaka, yaani wanaoweza kuamua. Mtu mmoja aweza kuwa katika makundi mawili, na hilo nalo ni jambo la kuandika.

Hapo hapo tuseme neno juu ya “mgogoro wa wakulima na wafugaji”, linalojitokeza mara kwa mara katika sehemu ihusuyo tambarare. Mchaga anayelima mahindi chini ana ng'ombe kihambani, na wako Wamasai wa tambarare wanaolima. Jina hilo linawagawa watu kwa kazi ambazo wote wanazifanya, na mara nyingi hubeba kabila ndani yake bila kulitaja. Afadhali kusema ugomvi wa malisho, au wa njia ya mifugo, au wa maji ya kunyweshea. Yaani kutaja kinachogombaniwa kuliko kuwapanga wagombanao.

Haki ikawa kibali

Sasa tumefika kwenye neno ambalo kwalo, kwa maoni yetu, mwongozo umekosea zaidi. Kwa Sheria Na. 42 ya mwaka 1974 maji yote nchini yaliwekwa mikononi mwa Jamhuri ya Muungano, na mtu aliyetaka kuyachepusha alitakiwa kuwa na hati iliyojulikana kama haki ya maji. Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani iliundwa mwaka 1991, na katika miaka ya 1990 watumiaji wakaanza kutozwa ada. Kisha, baada ya Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002, ikatungwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009. Ndani yake ile haki ya maji imekuwa kibali cha kutumia maji, na wakulima wanahimizwa kuwa na jumuiya za watumia maji.

Wanasheria wana sababu zao za kubadili jina hilo, nasi hatuzipingi. Tunatazama jinsi lilivyosikika. Katika Kiswahili haki ni neno zito: ni stahili ya mtu, na ni uadilifu pia. Hati ilipoitwa haki, asiye na hati alisikia kwamba hana haki, ingawa babu yake ndiye aliyeuchimba mfongo. Hati ilipoitwa kibali, mambo yakawa wazi zaidi lakini si mepesi zaidi, kwa maana kibali hutolewa na mwenye kitu, na mwenye kutoa aweza kunyima. Na jina mtumia maji linamweka aliyechimba na aliyekuja jana katika hali moja: wote wanatumia. Kila jina kati ya hayo lina dai ndani yake. La kwanza lasema maji ni stahili. La pili lasema maji ni ya Serikali. Na la zamani kuliko yote, mwenye mfongo, lasema maji yanamfuata aliyeyatengenezea njia.

Mchambuzi wa migogoro anatakiwa kuyasikia madai hayo yote matatu. Mwongozo unamfundisha kusikia moja tu. Katika ukurasa unaohusu mifongo isiyoandikishwa umeandikwa msemo “watumiaji haramu wa maji”. Haramu katika Kiswahili ni zaidi ya kukosa karatasi. Ni kitu kilichokatazwa na dini, ni najisi. Tumekwisha kuona ubaya wake katika msemo “wahamiaji haramu”, ambao umemfanya mtu mwenyewe, si kitendo chake, kuwa uchafu. Tena si kweli kisheria, kwani Sheria ya mwaka 2009 yenyewe inazitambua haki za kimila za maji. Kwa hiyo mwongozo umekuwa mkali kuliko sheria. Hebu tufikiri mchambuzi ameingia kijijini na karatasi hiyo mkononi, na katibu wa mfongo akaisoma. Nani atamweleza jambo la kweli? Na shirika likiisha kupokea taarifa iliyowaita watu wa juu haramu na wa chini halali, litajenga wapi mabomba yake? “Asiye na kibali” ni maneno yasiyotukana, na yanasema ukweli wote unaohitajika.

Neno la mwenyeji nalo lipimwe

Asije msomaji akadhani kwamba tunashauri kila neno la kienyeji lichukuliwe bila kuulizwa. Neno la mwenyeji nalo hubeba hukumu. Kwa mila, kazi na vikao vya mfongo vilikuwa vya wanaume. Mchambuzi akiandika mwenye mfongo na kuishia hapo, amesikia nusu ya kijiji. Mwanamke anayechota maji ya kupikia katika mfongo huo huo, na ambaye kiangazi kikizidi ndiye anayekwenda mbali, hana jina katika msamiati huo wa mila. Vivyo hivyo aliye chini kabisa ya mfongo, ambaye zamu yake hufika maji yakiwa yamekwisha. Kanuni tuliyoitaja mwanzoni inawahusu hao pia: kila msemaji aachiwe dai lake, hata yule ambaye mila haikumpa mahali pa kusemea.

Na yako mazuri katika mwongozo. Sentensi zake ni fupi. Unamtaka mchambuzi aandike maneno ya mhojiwa kama yalivyosemwa kabla ya kuyapanga, na unamkataza kutaja majina ya watu katika taarifa. Hayo mawili yafaa kuigwa na wote wanaofanya kazi hii.

Jina la mchambuzi mwenyewe

Wako waliotuuliza kama jina mchambuzi linafaa. Mjini Moshi, kwenye kahawa, kuchambua ni kutoa buni mbovu zibaki nzima. Mtu anayeambiwa kwamba amekuja mchambuzi aweza kuogopa kuwa yeye ndiye buni mbovu. Kuchanganua, yaani kutenganisha yaliyochanganyika, lingekuwa karibu zaidi na kazi yenyewe. Hata hivyo matumizi yamekwisha kulikubali neno mchambuzi katika siasa, uchumi na fasihi, wala hatuoni faida ya kushindana nayo. Kinachohitajika ni mchambuzi ajieleze kwa sentensi moja anapofika: kwamba hakuja kuamua wala kupeleleza, bali kujua msaada uingieje bila kuwagombanisha.

Mapendekezo

Kwa hayo tuliyoyaeleza, tunapendekeza yafuatayo yafikiriwe:

(a) Mgogoro liwe jina la jumla tu. Katika hojaji na taarifa yatumike mabishano, ugomvi, uhasama, mapigano na shauri, kila moja kwa ngazi yake.

(b) Mfongo litumike katika maandishi yahusuyo Kilimanjaro, na mfereji wa jadi mahali pengine. “Mfereji wa asili” uachwe.

(c) Chanzo libaki kwa maji panapozungumzwa maji. Kwa ugomvi tuseme kiini na kichocheo.

(d) “Viunganishi” tuwaachie wanasarufi. Tuseme yanayounga na yanayogawa.

(e) Mahali pa wadau tuseme wenye madai, wanaoguswa na wenye mamlaka.

(f) “Viongozi wa jamii” litumike pale tu kila kiongozi anapotajwa ni wa nini: wa Serikali, wa ukoo, wa dini, wa chama au wa mfongo, na nani alimweka.

(g) Haramu lisitumike kwa mtu. Tuseme asiye na kibali, asiyeandikishwa, au aliyeingia bila hati.

Haya si maamuzi, ni mapendekezo. Watafsiri wanaofanya kazi na mashirika ya misaada, maofisa wa mabonde ya maji, na walimu walio karibu na vijiji tulivyovitaja wanaombwa watuletee maneno wanayoyasikia kwa wagomvi wenyewe, hasa kwa wale wa mwisho wa mfongo, ili orodha hii isahihishwe kabla haijaingizwa katika istilahi sanifu.